Mahindi Tuliyowatupia Kuku

Nyumba ya Fosuah,
Nyuma ya kanisa la Methodisti,
Dormaa Ahenkro.
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Gyamera,

Pokea salamu za nyumbani. Baridi ya huko Bremen imeshaanza kukutafuna? Na kile kikohozi kimekuachia? Natumaini unakula na unalala. Mimi mgongo unanisumbua kama kawaida yake, lakini natembea. Natamani barua ingeishia hapa kwenye salamu.

Binti yako Serwaa amelazwa hospitalini. Leo ni siku ya sita. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa. Daktari anasema ni ini. Anakunywa uji kidogo, na juzi alimtania nesi kuhusu wigi lake. Hajapona, ila yupo.

Sasa nikueleze lililonikaa kifuani. Mwezi wa nane mahindi yetu yalinyeshewa siku tatu mfululizo, yakiwa yameanikwa kando ya barabara. Yakaota ukungu, mengine kijani, mengine kama yamepakwa majivu. Nikakaa na ungo nikayachambua kama tulivyolelewa: mazuri yetu, yaliyooza ya kuku. Hapa Dormaa nani hafanyi hivyo? Unamkumbuka mama: "Firigisi ya kuku inasaga hata mawe." Basi nikayasaga na pumba, nikawalisha.

Baada ya wiki chache wakapunguza kutaga, na maganda yakawa membamba. Waliokufa niliwapasua mwenyewe. Maini yalikuwa yamepauka, ukigusa yanamong'onyoka. Nikajiambia ni mdondo tu. Kiburi changu unakijua; nimefuga miaka kumi na tisa, nani wa kunifundisha kuku?

Mayai yenye nyufa hayauziki, kwa hiyo nilimchemshia Serwaa. Mawili kila asubuhi. Si wewe uliniandikia kwamba kwenye picha mtoto amekonda, nimpe mayai? Nikawa najisifu kwa majirani jinsi anavyokula.

Bwana Nketia, mganga wa mifugo, ndiye aliyeshtuka alipowaona kuku. Akachukua chakula cha kuku na mayai, akapeleka kupimwa Kumasi. Majibu yalikuja Jumatatu. Sumu ya ukungu imejaa kwenye chakula, na imo ndani ya mayai pia. Kuchemsha hakuiondoi. Daktari wa Serwaa hawezi kuapa kwamba ni mayai. Anasema hata uji wa yale mahindi niliyoyaita mazuri huenda umechangia, maana sumu hii haionekani kwa macho. Mayai au uji, aliyempa ni mimi.

Juzi Maame Dufie, yule mchuuzi wetu, alikuja na trei zake. Nilipomweleza akacheka. "Dada, yai lina ganda. Huo ukungu utapitia wapi?"

"Utapitia kwa kuku, mama. Kwani yai linatoka wapi?"

Akanuna. Akasema wafugaji watano njiani wanalisha hivyohivyo na wamefunga midomo yao. Akaondoka na trei tupu kwenda kwa hao wafugaji. Mimi mayai nayafukia nyuma ya banda, kila siku.

Jana Serwaa alitimiza miaka tisa. Nilimpelekea eto ya siku ya kuzaliwa hospitalini, ndizi nimeziponda hadi zikalainika, na mafuta ya mawese kama anavyopenda, ila bila lile yai la kuwekwa juu. Akageuza bakuli huku na huku.

"Shangazi, yai langu liko wapi?"

Nikamwambia kuku wameacha kutaga. Akafikiri kidogo, akanishika mkono.

"Labda wana njaa. Waongeze mahindi."

Njoo, Gyamera. Njoo hata kama ni kunigombeza tu, nimekubali.

Nisalimie mkeo Abenaa, na kaka Ofosu akipita hapo kwenu. Shangazi Pokuaa anakusalimu. Yeye ndiye anayelala na mtoto wodini. Mungu akufungulie njia ya kuja, na akukutanishe na binti yako akiwa bado anatania watu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukishindwa kunisamehe,

Fosuah