Mke Wangu Amejifunza Chipu

Jumatatu, 6 Juni
Baridi. Mlima Meru umejificha asubuhi yote. Nimefungua duka, nimewasha chuma cha kulehemu, nimepasha vidole moto. Imeletwa redio moja tu, ya mzee mmoja wa Olmotonyi. Simu mbovu zimekuja nyingi. Zote amezipokea mke wangu, Ndeshi. Wateja wananisalimia mimi, kisha simu wanampa yeye.

Kiwanda cha redio nilikofanya kazi kilipouzwa na mafundi tukapunguzwa, nilianzisha duka hili hapa Sombetini kwa mikono yangu. Mke wangu alikuwa anauza betri na vocha pale mbele. Sasa anakaa kwenye kiti changu. Yote haya tangu aanze darasa la ufundi simu la Mwalimu Kessy, ukumbi wa kanisa, Elerai. Kila Jumanne na Alhamisi jioni.

Jumanne, 7 Juni
Amepiga pasi blauzi ya bluu. Nikamuuliza kwani darasani kuna harusi. Akaivaa, akaenda.

Amerudi anatabasamu peke yake. Mezani ni Kessy kasema hivi, Kessy kaonyesha vile. Kessy hajaoa. Hilo nimelisikia kwa watu.

Nina wivu. Naandika maana kulisema siwezi.

Alhamisi, 9 Juni
Mwalimu Paulina, jirani yetu, ameleta simu. Inawaka ila sauti haitoki. Nimeifungua. Kwenye redio najua kila kitu kinapokaa: hapa panashika stesheni, hapa panakuza sauti. Kwenye hii simu nimekuta chipu moja nyeusi katikati na vidude vidogo pembeni. Nikasema hiyo ni prosesa, ubongo wa simu, sauti itakuwa kwingine.

Ndeshi akasema, "Si prosesa tu, Baba Nuru. Prosesa imo, lakini humo humo kuna sehemu ya sauti, ya kioo, ya vitufe, ya mtandao, na kumbukumbu kidogo. Vyote viko kwenye kipande kimoja na vinaongea humo ndani. Ndiyo maana wanaiita mfumo mzima. Prosesa peke yake ingehitaji chipu nyingine nyingi za kuisaidia."

Alisema polepole, kama anavyomweleza mwanetu Nuru hesabu. Mbele ya mteja. Masikio yakaniwaka moto.

Akaniambia nijaribu spika kwanza, hiyo iko nje ya chipu, ni rahisi kubadilisha. Akavaa koti, akaenda darasani. Nikamwambia Mwalimu Paulina aje Jumanne.

Jumamosi, 11 Juni
Kessy anafungua karakana mjini. Anamtaka Ndeshi kazini. Ndeshi ameniuliza naonaje. Nimesema hapana kabla hajamaliza kusema. Mezani Nuru anatutazama kwa zamu.

Jumatatu, 13 Juni
Ndeshi alikwenda sokoni. Nikachukua ile simu. Spika sikuigusa, kwa sababu aliitaja yeye. Nilitaka kunyanyua chipu, niione hiyo sehemu ya sauti kwa macho yangu. Nikaipuliza hewa ya moto. Nikazidisha.

Ilipopoa nikabonyeza. Hakuna kioo. Hakuna mlio. Vitufe vimekufa.

Kwenye redio ningeunguza transista ya sauti, ningepoteza sauti tu. Hapa nimeunguza kitu kimoja, simu nzima imekwenda. Ndipo nikaelewa alichokuwa anasema. Nimeelewa kabisa, na sina wa kumwambia.

Jumanne, 14 Juni
Mwalimu Paulina amekuja. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, kwamba simu iliingia maji. Ndeshi alikuwa ameshaiona alama ya kuungua kwenye chipu.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Simu yako tumeiharibu sisi. Utatusamehe."

Sisi. Hakunitazama. Akatoa laini yake kwenye simu yake mwenyewe, akampa mwalimu hiyo yake iwe badala ya ile. Afadhali angenitukana.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kama anampenda Kessy.

Akaacha kufagia. "Napenda kujua," akasema. "Tangu umenioa unafungua redio umenipa mgongo. Hujawahi kuniambia hata waya mwekundu ni wa nini."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata la kujibu. Hakwenda darasani leo. Amelala mapema.

Alhamisi, 16 Juni
Nimemwambia aichukue ile kazi. Akasema sawa, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni nimefunga duka, nikaomba kwenda naye Elerai. Kessy ni mfupi, anakohoa, suruali imejaa chaki. Bado simpendi.

Nimekaa nyuma, kwenye benchi la wanakwaya. Kessy akauliza mgeni ni nani. Nilitaka kusema fundi redio.

"Mume wa Ndeshi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akageukia ubao. Ndeshi alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka nyuma. Ila alisogea kidogo, pembeni yake pakabaki nafasi ya mtu.