Kovu la Kisigino

Kambarage, Shinyanga
Juni 8

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Tinde, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mimi sijambo, ila nina moto moyoni na sitauficha.

Tangu jembe la binamu Mabula liteleze kwenye mazoezi ya ngoma na kunikata kano juu ya kisigino, ulisema mguu ufungwe, nisiukanyagie mwaka mzima. Kidonda kilipofunga na kovu likavimba, ukatangaza mbele ya kundi lote kwamba mguu wenye kovu hauchezi bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, na nafasi yangu ukampa Mabula huyo huyo. Niliumia kuliko siku ya kukatwa.

Sasa nisikilize, Baba. Dada Salvina, anayetufanyisha mazoezi ya viungo hospitalini, alinieleza kovu linavyotokea. Kwanza seli za damu huja kusafisha jeraha. Zikikawia kuondoka, huzidi kuita mafundi. Mafundi hao ni seli za utando unaozunguka kano. Huja wengi, mbio mbio, wakirundika nyuzi ovyo na kuligandisha kano na nyama za jirani. Seli za kano lenyewe ni chache na za polepole. Haraka haraka haina baraka. Lakini alisema zote huhisi mguu unapovutwa. Mguu ukilala, nyuzi hubaki shaghalabaghala. Ukipewa kazi kwa kipimo, hujipanga kufuata mvuto. Kovu haliondoki, ila hujifunza kazi.

Basi sikuufunga. Nimelia nikipanda ngazi za hospitali, nimesimama kwa ncha za vidole uani mpaka majirani wakanicheka, na juzi Salvina kaniruhusu kuruka. Kisigino ni kinene, kibaya kutazama, na kinanibeba.

Jambo lenyewe ni hili, ulisikie kwangu kabla ya watu. Nilipokuomba unirudishe kundini, ulinyamaza. Wapinzani wako hawakunyamaza. Umeongoza kundi la Bagika maisha yako yote, na mimi mwanao nitacheza upande wa wapinzani hao, Bagalu, kwenye mashindano ya mwezi ujao, mstari wa mbele. Usimtume mtu kunibembeleza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nawe hukunilea nikae pembeni ngoma ikilia.

Nisalimie sana Mama na shangazi Agatha. Siku hiyo shangilia kundi lako, ni haki yako. Ila ukijisahau ukanipigia makofi, vumbi litakuwa jingi, hakuna atakayekuona.

Ni mimi mwanao,
Martina