Sanda Fupi ya Musab

Jumatatu, 1 Septemba
Pasi ya makaa tangu asubuhi. Sare mpya za kwaya ya mama, bluu tupu, kitambaa kilichokuja na boti kutoka Goma. Mama anashona, mimi nanyoosha. Hatuongei. Tangu Pasaka maneno yake kwangu ni "leta" na "peleka". Kila Pasaka hutupima sote nyumbani nguo mpya, akaandika vipimo kwenye kaye yake, daftari la ufundi. Mwaka huu aliwapima kaka zangu wawili, akafunga kaye. Kosa langu ni kwamba Ramadhani nilishika dini ya marehemu baba. Yeye alinilea parokiani. Anaona nimemtupa.

Jumatano, 3 Septemba
Shangazi Mwajuma, dada ya baba, muuza vitenge sokoni Kadutu, amenipa kisa cha kusimulia kwenye maulidi ya akina mama. Ni uani kwake, Jumapili tarehe 14. Musab bin Umayr! Kijana aliyependeza na kunukia kuliko vijana wote wa Makka. Akasilimu. Mama yake, tajiri, akamfungia ndani. Akatoroka. Baadaye akapelekwa Madina kufundisha Kurani, amevaa viraka. Akafa kwenye vita vya Uhudi na bendera mikononi. Nimefurahi kama mtoto siku ya Idi.

Jumamosi, 6 Septemba
Mazoezi kwa sauti, barazani, karibu na cherehani. Nilipofika pa mama aliyemfungia mwanawe, nilipaza sauti. Makusudi. Mama akaendelea kukanyaga cherehani. Nilitaka aumie. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Jumanne, 9 Septemba
Leo mwisho wa kisa. Walipotaka kumzika Musab hawakuwa na sanda ila shuka yake moja. Wakifunika kichwa, miguu nje. Wakifunika miguu, kichwa nje. Mtume akasema wafunike kichwa, miguuni waweke majani.
Cherehani ikasimama.
"Nguo ilikuwa mufupi," mama akasema. "Na mama yake alikuwa wapi?"
Sentensi nzima ya kwanza tangu Pasaka. Nikakasirika, nikaingia ndani.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemuuliza shangazi. Hajui. "Wacha ile," akasema. "Pa kumufungia mu nyumba njo utie nguvu, bamama balie." Anajua vizuri nikitia nguvu pale akina mama watamfikiria nani. Kadutu nzima ina habari zetu. Nimerudi kwa miguu, moyo mzito.

Ijumaa, 12 Septemba
Asubuhi gauni langu halipo kwenye kamba. Nimemsomea Maman Furaha, jirani, matusi yote ninayoyajua, na mengine nimeyabuni palepale. Ameapa kwa Bikira Maria hajaligusa. Saa kumi gauni liko kambani, limebanwa vizuri, kama halikutoka. Aibu yangu. Kesho nitampelekea ndizi.

Jumamosi, 13 Septemba
Maman Furaha amepokea ndizi, amekula, amecheka. Kunisamehe bado. Mvua imenyesha, vumbi limetulia. Nimeamua: pa mama wa Musab sitapaza sauti. Shangazi atanuna. Anune. Siwezi kumwuza mama yangu kwa machozi ya watu. Lakini naogopa. Nikiharibu kesho sitapewa tena kisa, na mama ndiyo hivyo simpati. Nitabaki mikono mitupu huku na huku.

Jumapili, 14 Septemba
Mama alitoka mapema kwenda misani. Kitandani kwangu nilikuta kifurushi cha gazeti. Ndani yake kanzu na mtandio, bluu ya kwaya. Nikavaa, ikafika kisiginoni. Nikajiuliza amenipima lini. Ndipo nikakumbuka gauni lililotoweka kambani Ijumaa. Nikakaa chini nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda.

Nilisimulia. Nilipofika kwenye sanda nilisema: mama yangu ni fundi, ameniuliza mama wa Musab alikuwa wapi siku ile. Mimi sijui. Pengine alimfungia kwa kuogopa kumpoteza, na bado akampoteza. Bibi mmoja akaanza kulia, wengine wakafuata. Shangazi naye, aliyetaka walie kwa jambo lingine, akatafuta leso.

Nilipoinua macho mama alikuwa mlangoni. Ametoka misani, amevaa sare ya kwaya ya mwaka jana, imepauka. Akapita katikati ya watu, akainama, akashika upindo wa kanzu yangu, akakagua mshono.
"Imefika muzuri," akasema.
Shangazi akamletea kiti. Akakaa. Akanywa chai vikombe viwili.

Jumatatu, 15 Septemba
Pasi tena. Jana kwaya yote ilivaa mpya isipokuwa yeye. Nimefungua kaye, ukurasa wa kwaya. Jina lake limekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa mwandiko wake, jina langu: Zawadi. Toka kichwa mpaka miguu. Isipunguke.
Nimefunga kaye. Nimechukua ile sare yake ya zamani, nikainyoosha polepole, kola kwanza. Yeye anashona. Ameniuliza kama nimekula.