Mzaliwa wa Kisinga

Bwera, 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Feresita,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba kikohozi ulichotoka nacho Butembo kimepungua. Mimi ni mzima, ila usingizi ni mchache. Mama alituma salamu siku ya soko. Anasema watu huko bado wanahama, usiwaze kurudi.

Barua zetu atabeba Shafic, dereva wa lori, zisipitie kwa matroni. Ukishasoma, chana.

Uliniuliza utapataje marafiki katika nchi usiyoijua. Mimi nilipofika nilikuwa na miaka kumi na mitano kama wewe. Jifunze majina yao kwanza. Gawa karanga nilizokufungia. Mwenzako akifua shuka, mshikie upande wa pili akamue. Lakini kumbuka tulichoandika kwenye fomu ya shule: umezaliwa Kisinga, Uganda. Kiswahili cha kwetu usikiseme hata ukikasirika. Sema Lhukonzo, kinasemwa pande zote mbili za mpaka. Ofisini ninapoandika hati za mizigo, mimi pia ni mzaliwa wa Kisinga, na tangu Januari mkubwa wetu anakagua vitambulisho. Wakijua wewe umetoka Kongo, wataniuliza mimi nimetoka wapi.

Kaka yako,
Jonan


Kasese, 25 Februari 2024

Kaka yangu Jonan,

Salamu nyingi. Mi niko muzima, kikohozi iliisha. We unalala sasa? Nakuandikia namna tunasema kwetu, juu ni kwako tu naweza.

Karanga iliisha siku moja, na barafiki bakaisha siku ileile. Nilishika mashuka ya bantu mpaka mikono ikachubuka. Shida ni kusema. Bakiuliza kitu, mi nafikiri kwanza: hii jibu ni ya Kisinga ao ya Butembo? Nikimaliza kufikiri, beko tayari kwa habari ingine. Basi bananiita Bubu. Moja, Ednah, anapita kwa kitanda changu kila asubuhi: "Bubu, leo umeamka na ulimi, au umeuacha kwenu?" Bote banacheka. Juzi akauliza kwetu Kisinga ni karibu na nini. Sikujua. Sijafika kule hata siku moja.

Mdogo wako,
Feresita


Bwera, 3 Machi 2024

Mpendwa Feresita,

Nashukuru kikohozi kimeisha. Hali yangu ni ileile.

Jana nilikwenda Kisinga kwa bodaboda kwa ajili yako. Ramani nimeichora nyuma ya karatasi hii. Ukipita hospitali ya misheni, upande wa kushoto, kuna nyumba yenye milango ya kijani na kaburi lililosakafiwa uani. Nilikaa ng'ambo ya barabara saa nzima. Nilimwona bibi mmoja tu, akianika kahawa. Ukiulizwa, hiyo ndiyo nyumba yetu. Ikariri kama sala, halafu utaweza kuzungumza bila kusita.

Kaka yako,
Jonan


Kasese, 14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Habari ya kazi? Mama alituma neno? Mi niko vizuri, na si ya kuandika tu.

Nimepata mutu. Anaitwa Shakirah. Mwezi ya Ramadhani alikuwa anafunga, na sahani ya jioni yenye balimuwekea ilikuwa inaibiwa. Mi nikaanza kuichunga. Naifunika na kitambaa, nakaa juu ya ndoo pembeni, Ednah akija namuangalia tu. Shakirah akasema, "Kumbe huyu Bubu ni askari! Afande wangu!" Sasa bote bananiita Afande. Siku ya Idi baba yake, Mzee Wahabu, alileta pilau, tukakula sahani moja.

Aliniuliza kwetu. Nilimupa milango ya kijani, kahawa, kaburi, yote. Akafurahi sana, juu baba yake anabebaka kahawa ya kule na gari yake. Shule ikifunga banataka kunifikisha mpaka nyumbani. Kaka, nimuambie kweli? Shakirah hawezi kuisema kwa mutu.

Mdogo wako,
Feresita


Bwera, 18 Aprili 2024

Mpendwa Feresita,

Salamu, na heri ya Idi kwa rafiki yako. Kusikia una mtu wa kula naye kumenipa usingizi wa siku mbili.

Usimwambie. Mtoto atamwambia baba, na baba atasema mbele ya madereva wenzake. Lakini gari pia usikatae, watashangaa. Panda. Shuka mbele ya milango ya kijani, shukuru, punga mkono, ingia uani kama mwenyeji. Watu wa magari wana haraka, hatashuka. Akishaondoka, chukua bodaboda uje Bwera. Nimelifikiria kila upande.

Kaka yako,
Jonan


Kasese, 2 Juni 2024

Kaka,

Natumaini uko muzima. Likizo yote nililala chumbani mwako na sikukuambia kitu. Nilisema safari ilikuwa muzuri. Haikuwa muzuri.

Mzee Wahabu alizima gari. Nikasema, "Baba, hapa inatosha, asante." Akasema, "Nimshushe mtoto wa watu kama gunia? Nisisalimie wazee wake?" Akashuka na kilo ya sukari mkononi. Kaka, ulisahauje hii? Hata kwetu hakuna mutu anafikisha mutoto na hasalimie.

Bibi akatoka. Mzee akasema, "Mama, nimekuletea mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi gani? Mimi naishi peke yangu."

Mi nikasema, "Nyanya, ni mimi."

Alinishika uso na mikono ya vumbi ya kahawa, akaniangalia sana. "Huyu simjui," akasema. "Lakini msimgombeze. Mwulizeni vizuri."

Mzee aliniuliza mara mbili kwetu ni wapi. Mara mbili nikasema, "Ni hapa." Shakirah alikuwa kwa dirisha ya gari, anasikia yote. Baba yake akanipeleka kwa stendi ya bodaboda.

Shakirah hajaambia mutu. Alihamisha kitanda tu. Alisema, "Chakula changu nilikuachia wewe, na wewe hata kwenu umenificha."

Tarehe 23 ni siku ya wazazi. Mzee Wahabu atakuja. Uje, Kaka, umuambie ni wewe ulinituma. Mi peke yangu hataniamini tena.

Mdogo wako,
Feresita


Bwera, 24 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu,

Sijui hata niulizeje hali yako.

Nilikuja. Nilifika getini saa nne, nikamwona Mzee Wahabu akishusha mkeka garini. Mlinzi ndiye aliyenitajia jina; hati zake huandikwa kwa jina la kampuni, nilikuwa sijui ndiye yeye. Kila wiki anasimama mbele ya meza yangu na hati zake, na mkubwa wangu ni rafiki yake. Mzee huyo huniita "mwana Kisinga".

Sikuingia. Nilimwachia mlinzi mkate na sabuni. Nielewe, Feresita. Kazi hii ikipotea, utasoma vipi, na Mama ataegemea wapi? Muhula ujao nitapata namna. Vumilia kidogo.

Kaka yako,
Jonan


Kasese, 7 Julai 2024

Kwa Jonan,

Natumaini u mzima. Mkate na sabuni vilifika.

Nilikuona. Nilikuwa dirishani tangu asubuhi. Nilikuona unaongea na mlinzi, nikaanza kukimbia, na nilipofika uwanjani ulikuwa umeshageuka.

Basi nilikwenda peke yangu mpaka kwenye mkeka wao. Nilimwambia Mzee Wahabu, mbele ya Shakirah, kwamba nimetoka Butembo, kwamba tulikimbia, na ile nyumba sikuwahi kuingia. Kisha akauliza, "Na nani alikufundisha maneno yale, mwanangu?"

Nikasema hakuna. Nikasema nilivuka mwenyewe siku ya soko, na fomu ya shule niliijaza kwa mkono wangu.

"Huna ndugu yeyote upande huu?"

Nikasema sina.

Shakirah amerudisha kitanda chake karibu na changu. Likizo nitakaa kwao. Mzee atazungumza na mwalimu mkuu kuhusu ile fomu. Kwa hiyo usimtume Shafic tena, kina Mzee wanamfahamu. Na ikitokea nimefuatana na Mzee mpaka ofisini kwako, usinisalimie. Mimi pia sitakusalimia.

Kazi yako iko salama.

Feresita