Linux Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 8 Machi

Mimi na mdomo wangu! Majuzi nilijisifu mezani: kompyuta izeeke vipi, mimi naifufua kwa kuiwekea Linux badala ya Windows. Leo Jémima, mke wangu, ananiambia mama yake amesikia. Anataka nimfufulie kompyuta yake, iliyoko nyumbani kwake Musonoi. Windows imekufa, lakini ndani mna nyimbo za marehemu Tata Kanyinda, baba mkwe, akiimba na kwaya ya parokia. Kopi nyingine hakuna popote.

Nikasema iletwe hapa kwetu Dilala. Wapi! Mama mkwe kakataa: ya jirani ilienda kwa fundi, ikarudi tupu. Yake haitoki; ataikalia mwenyewe.

Sasa sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa Kolwezi, mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Wala hamtazami usoni. Nitafanyaje?

Jumapili, 9 Machi

Musonoi, baada ya misa. Mama Ngeleka, mama mkwe, ndani na kompyuta, mimi barazani, pazia katikati. Jémima ndiye macho yangu. Nimeanza na Linux inayojiweka kwa picha — nzuri, unabofya tu kwa kipanya.

"Unaona nini?"

"Kuna ka-rond, ka-duara, kanazunguka."

"Na sasa?"

"Kanazunguka tu."

Saa nzima! Mashine ya zamani, picha zimeilemea. Tumerudi kwa mototaksi, Jémima akicheka njia nzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata jibu nikinyoa ndevu. Linux inayojiweka kwa maandishi! Haina picha, haina kipanya, ni maneno na mishale tu. Nyepesi. Na maneno yanasomeka kwa sauti — Mama Ngeleka si ndiye msomaji wa kanisani?

Stanislas wa ofisini amenicheka. Eti hayo ni mambo ya wazee. Vizuri, mzee ninaye.

Alhamisi, 13 Machi

Jémima yuko kazini, nimekuja Musonoi peke yangu. Naandika hapahapa barazani, daftari gotini. Mama anasoma kama yuko madhabahuni: "Choisissez… la langue!" Yaani, chagua lugha. Nami: "Français, Mama, kisha bonyeza Entrée." Tunakwenda vizuri ajabu. Nampenda huyu mama, kusema kweli.

Tumefika kwenye diski. Nyimbo ziko sehemu ya pili. Ifutwe ya kwanza tu, Linux ikae humo. Mashine inauliza mara ya mwisho, oui au non, ndiyo au hapana. Nimemwomba asome itafuta ipi.

"Numéro… moya… Hapana. Mbili? Lunettes yangu ya kusomea ilibakia ku kanisa. Maneno natafuta-tafuta naipata, chiffre, ile namba, siione muzuri."

Mungu wangu! Oui moja tu, na Tata Kanyinda ananyamaza milele.

"Mama, usiguse kitu, tafadhali. Tumungoje Jémima mangaribi."

Kiti kimesogea. Kitambaa kinakunjuliwa.

"Mukwe wangu. Nimejifunika kitenge ku kichwa, nimegeukia ku ukuta. Ingia. Tangu ile mashine ife sijamusikia bwana yangu."

Nimevua viatu. Mkono mmoja uko kwenye pazia, mwingine bado unaandika —