Usije Kumchukua Mama Matuta

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako. Natumaini kile kifua kimetulia na msimamizi wako amepunguza makelele. Sisi huku tu wazima, ila goti langu huniuma kila mkeo anaposifiwa, kwa hiyo siku hizi linauma asubuhi na jioni.

Barua yako nimeisoma. Unasema umepata vyumba viwili, na mwisho wa mwezi unakuja kumchukua mkeo mkaishi pamoja. Sikufichi, nilifurahi mpaka nikampa paka maziwa.

Hujui ninayoyapitia. Ulipotuletea huyo binti wa fundi cherehani, jembe alilishika kama mwavuli. Nani alimfundisha kulima? Mimi. Leo kijiji kizima kinamwita Mama Matuta, na mimi naitwa wifi yake Mama Matuta. Mwaka jana mahindi yalipokauka, lori la msaada likachelewa hata watoto wakawa wanasinzia darasani kwa njaa, kumbe mwenzetu alikuwa amehifadhi marando ya viazi vitamu kwenye kibonde karibu na kisima, akiyamwagilia kiangazi chote kwa maji ya kuogea. Mvua ziliponyesha, kila nyumba ilikwenda kwake kuomba ya kupanda. Hata mimi nilikwenda, nikajifanya nilikuwa napita tu.

Ndipo mwalimu mkuu akasema hatutangoja tena lori. Chakula cha mchana cha wanafunzi kitoke kwenye ardhi yetu wenyewe. Shamba la shule likagawanywa, upande mmoja akapewa mkeo, wa pili nikauomba mimi kwa mdomo wangu. Nikaapa moyoni kwamba safari hii atanitambua. Nilisomba samadi yote ya zizini, ingali mbichi, nikaifukia kwenye matuta mpaka shemeji yako akauliza kama napanda viazi au nazika ng'ombe.

Mdogo wangu, majani yalitoka. Mapana, yamekoza, hata tuta hulioni. Upande wa mkeo majani yalikuwa ya kawaida tu, na wapita njia walisimama kwangu. Nilitembea kifua mbele. Yeye aliyatazama majani yangu, akarudi kwenye jembe lake, nami nikasema moyoni kwamba leo ni zamu yake kuumia.

Juzi, siku moja kabla ya watoto kuanza kuvuna, nilikwenda peke yangu kuchungulia. Tuta la kwanza nikakuta vimizizi vyembamba kama kamba za viatu. La pili vivyo hivyo. Nilichimba huku na huku mpaka nikakaa chini. Samadi yangu yote ilikuwa imeishia kwenye majani. Nikaanza kufukia haraka haraka, na nilipoinua kichwa mkeo alikuwa amesimama pale na ndoo yake.

Aliitua ndoo chini. Alisema, "Wifi, kesho watoto waanze upande wangu. Wako tuuache kwanza, bado unanenepa."

Jioni akamwambia mwalimu mkuu maneno hayo hayo mbele ya watu, bila hata kutabasamu. Afadhali angenicheka. Angenicheka ningemchukia vizuri, roho ikatulia. Watoto wamekula jana na leo, wameshiba, kitindamimba wangu akaomba cha pili. Mimi nami nilionja. Vitamu, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa sikia ninachokuomba, maana mkono unasita kuandika: usije kumchukua. Upande wake ukiisha, wangu hauna kitu, na hilo tunalijua yeye na mimi tu. Kuna msimu mwingine mbele, na mimi peke yangu nitawapa watoto majani. Muulize mwenyewe kama anataka kuhama. Mimi naona hajafunga hata nguo moja. Leo ameshinda kisimani akipanda marando ya kuhifadhi. Njoo umwone, ukae naye, kisha urudi kazini.

Shemeji yako na wapwa zako wanakusalimu. Jitunze, usilale na njaa kwa uvivu wa kupika. Na ukifika, tafadhali usimwambie kwamba nimemwombea abaki.

Ni mimi dada yako,
ambaye hawezi kuishi bila mkeo, na bado hampendi.