Kisima cha Kumi na Mbili cha Fundi Mwau

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na sanduku lako la mbao bado liko chini ya kitanda, mahali pasipofika mwanga, kama ulivyotaka.

Ulitengeneza pampu za visima virefu kutoka Kilungu hadi Kiboko. Kila kisima kipya ulikichotea chupa mbili. Maji ya moja uliyachemsha, ya pili ukayaacha. Ulizijaza mpaka zikafurika, hewa isibaki, ukatia msumari mpya katika kila moja, ukazifungia sandukuni, ukangoja miezi mitatu. Ulitufundisha kwamba chini kabisa, jua lisikofika, maji hukutana na mwamba na kutoa nguvu kidogo, na viko vijidudu vinavyoishi kwa nguvu hiyo. Vikiwemo, msumari utakuwa mweusi.

Pale Mukuyuni walikuuliza kama mifugo yako imekula. Ukajibu kwa sauti yako ya chini, "Inakula mawe. Haina haraka kama nyinyi."

Mwaka ule wa kiangazi Mama alimwagia sukuma wiki chupa zako zote. Tulingoja ugomvi. Ulisema mboga nazo zilikuwa na kiu, na kesho yake ukaanza tena kisima cha kwanza.

Ulitaka visima kumi na viwili kabla ya kuwaambia watu neno lolote. Ulifikisha kumi na moja.

Mwezi wa tatu kisima cha kanisa kule Kilungu kilitoa maji, na kamati ikapanga kukitia dawa asubuhi yake. Dawa ikiingia, hakuna ambacho kingebaki hai. Mama akapanda mlima siku hiyo hiyo na chupa mbili. Mwenyekiti alimshauri angoje maji yasafishwe. "Haya ya mume wangu hayasafishwi," akamwambia. Alipoona kapovu kamoja chupani alimwaga, akajaza upya. Mara nne.

Juma lililopita tulifungua sanduku. Msumari wa maji yaliyochemshwa haukubadilika. Ule mwingine ni mweusi kama masizi.

Mama aliutazama sana, kisha akamwambia Syombua, "Andika kwa daftari la baba yako. Na uandike zile za kwanza nilimwaga mimi."

Visima tisa kati ya kumi na viwili vimetoa msumari mweusi, Baba. Jumapili baada ya ibada tutavisoma vyote mbele ya watu, hata vile vitatu vilivyokataa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Kalekye, wanao Syombua na Muindi, na dada yako Nduku. Kila kisima kipya kitakapotoa maji, tutakukumbuka, na tutakwenda na chupa mbili.